Kidingapopo: Jina la Maradhi na Fasiri Zake

1. Utangulizi

Kamusi za Kizungu zimezoea kuyataja maneno machache tu kuwa yametoka katika Kiswahili. Miongoni mwake mna safari, mna bwana, na mna jina moja la maradhi, nalo ni dengue. Kamusi nyingi za Kiingereza hueleza kwamba neno hili liliingia Kiingereza kwa njia ya Kihispania cha visiwa vya Karibi, na kwamba Kihispania hicho nacho kililipata kwa watumwa waliokuwa wakisema dinga au denga. Katika miaka ya karibuni jina la pili la maradhi, chikungunya, limeongezwa katika orodha hiyo. Taarifa za afya na magazeti ya nchi nyingi yamelitaja mara kwa mara kuwa ni neno la Kiswahili.

Wasomaji wa Afrika Mashariki aghalabu huzipokea habari hizi kwa furaha. Lugha iliyozoea kuitwa mkopaji wa maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza, hapa yaonekana kuwa mkopeshaji. Lakini furaha si ushahidi. Madai juu ya asili ya neno hayana budi kupimwa kwa sarufi ya lugha inayodaiwa kulizaa neno hilo, na kwa tarehe za matumizi yake. Kipimo hicho hakijatumiwa vya kutosha juu ya majina haya mawili, kwa sababu waliokuwa wakiyajadili zaidi ni waganga, si wanaisimu.

Makala haya yanakusudia kuyapima madai hayo. Itaonyeshwa, kwanza, kwamba dai la kuwa dengue ni neno la Kiswahili halijathibitishwa, na kwamba kwa namna linavyosimuliwa kwa kawaida haliwezi kusimama. Pili, kwamba chikungunya si neno la Kiswahili. Tatu, na hili ndilo kubwa, kwamba katika kushughulikia asili ya neno la kigeni, wataalamu wamelisahau neno lenyewe la Kiswahili, kidingapopo, ambalo limebaki katika kamusi likiwa na fasiri iliyokuwa sahihi zama zile na ambayo leo si sahihi tena.

2. Ushahidi wa Unguja

Shahidi mkuu wa jina hili ni James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870. Jina lake linajulikana zaidi kwa kitabu chake cha 1876 juu ya mikurupuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Kipindupindu cha mwisho alichokishuhudia kiliupiga mji wa Unguja mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870. Mji ulikuwa haujatulia sawasawa yalipozuka maradhi mengine, katika miezi ya mwisho ya utawala wa Sayyid Majid, aliyefariki Oktoba 1870. Wenyeji waliyaita maradhi hayo kidinga pepo, na Christie alitoa taarifa yake juu yake mwaka 1872, katika jarida la madaktari wa Uingereza, akiliweka jina hilo la Kiswahili katika kichwa cha habari.

Sifa za maradhi hayo ni wazi. Yalimshika mtu ghafla, bila ya dalili za kutangulia. Viungo viliuma kwa ukali, homa ilipanda kwa siku chache, na vipele vikatoka mwilini. Waliokufa walikuwa wachache mno wakilinganishwa na waliougua. Homa ilikwisha mapema, lakini maumivu ya viungo yalibaki, au yaliondoka na kurudi, kwa muda mrefu baadaye. Kutoka Unguja maradhi yalifuata njia za vyombo, yakafika Aden na hatimaye Bara Hindi katika mwaka 1871 na miaka iliyofuata.

Jambo la pili aliloliandika Christie ni la thamani kubwa zaidi kwa mwanaisimu. Wazee wa mji hawakuyaona maradhi hayo kuwa mapya. Walisema kwamba yalikwisha kupita hapo zamani, kiasi cha mwaka 1823, na kwamba jina lake ndilo hilo hilo. Kwa hiyo jina la kidinga pepo halikubuniwa mwaka 1870. Lilihifadhiwa katika vinywa vya watu kwa kiasi cha miaka 47, bila ya maandishi na bila ya maradhi yenyewe kuwapo, hadi yaliporudi.

Mwaka 1881 Christie alirudi kwenye suala hili na kulipanua. Aliona kwamba katika miaka ya 1827 na 1828, yaani muda mfupi baada ya mkurupuko wa kwanza wa Unguja, maradhi ya kufanana na hayo yalizuka katika visiwa vya Karibi. Katika visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza yaliitwa dandy, yaani mtanashati, na huko Kuba yaliitwa dunga, kisha dengue. Christie akahitimisha kwamba maradhi na jina lake vilisafirishwa pamoja na watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Hii ndiyo nadharia iliyoingia katika kamusi.

3. Muundo wa jina

Christie alilichambua jina hili katika sehemu tatu. Ki alikifasiri kwa maana ya namna au aina ya kitu, dinga kwa maana ya kukazana ghafla kwa viungo, na pepo kwa maana ya pepo mbaya. Jumla yake ikawa namna ya kukakamaa kunakoletwa na pepo mbaya. Uchambuzi huu umerudiwa na waandishi wengi kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Kila sehemu yake inahitaji kutazamwa upya.

Tuanze na kiambishi ki-. Katika Kiswahili hiki si neno lenye maana ya "aina ya" linaloweza kuondolewa na kurudishwa kwa hiari. Ni kiambishi cha ngeli, na ngeli hiyo ina kazi maalumu katika majina ya maradhi na hali za mwili: kifafa, kichaa, kichocho, kisonono, kifaduro, kiharusi, kizunguzungu, kikohozi, kichomi. Kipindupindu, maradhi yaliyolitangulia kidinga kwa miezi michache tu, limo katika orodha hiyo hiyo. Msemaji aliyesema kidinga alikuwa akiliweka jina la maradhi mahali pake pa kawaida. Ki- ni sehemu ya jina lenyewe.

Jambo hili lina uzito katika nadharia ya safari ya Karibi. Mfanano wa kidinga pepo na dengue hauonekani mpaka ki- iondolewe mbele na pepo iondolewe nyuma. Maumbo dinga na denga yanayotajwa katika kamusi za Kizungu ni maumbo yaliyokwisha kupunguzwa hivyo. Ni kweli kwamba Kiswahili huweza kuondoa ki- na kupata umbo la ukubwa, kama kikapu na kapu, au kijiti na jiti, lakini hilo ni badiliko la maana, wala si ufupisho wa kawaida wa jina la maradhi. Hakuna asemaye "fafa" akikusudia kifafa.

Yafaa pia kutazama jinsi maneno mengine ya Kibantu yalivyoingia katika lugha za Amerika. Neno la Kimbundu kilombo lilifika Brazili likiwa quilombo, na ki- yake kamili. Jina la bamia lililotoka Angola lilifika Kuba likiwa quimbombó, na hapo tena ki- ilibaki. Huko Louisiana neno hilo hilo la bamia lilipoteza kiambishi chake na kuwa gombo. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kiambishi hakidondoki kamwe. Hata hivyo, kisiwa kinachotajwa kuwa ndicho kilicholikuza neno dengue ni Kuba, na Kuba ndipo palipohifadhi ki-. Mwenye kudai kwamba kidinga kilifika huko kikiwa dinga ana wajibu wa kueleza kwa nini.

Sehemu ya pili ni uhusiano wa dinga na pepo. Kiswahili kina muundo maarufu wa ki- ikifuatwa na kitenzi na nomino: kifungua kinywa, kifungua mimba, kitinda mimba, kipanda uso. Katika muundo huu nomino inayofuata kitenzi aghalabu hutaja kinachotendwa au mahali tendo linapofikia. Haitaji mtenda. Kinywa ndicho kinachofunguliwa. Uso ndio unaopandwa na maumivu. Kama kidinga pepo lingekuwa la muundo huu, basi pepo angekuwa mtendwa, naye Christie anamfanya mtenda. Fasiri yake ingehitaji umbo kama kidinga cha pepo.

Muundo unaofaa zaidi ni wa nomino mbili zilizoambatana, ambapo ya pili huibainisha ya kwanza bila ya kiunganishi. Kiswahili kina majina ya namna hii, na moja kati yake ni la maradhi, tena lina neno pepo ndani yake: pepopunda. Mlinganisho huu una manufaa makubwa. Pepopunda ni maradhi ambayo alama yake kubwa ni kukakamaa kwa mwili, taya kujifunga na mgongo kujipinda. Kidinga pepo nayo ni maradhi ya viungo kukazana. Yaelekea basi kwamba katika majina ya maradhi neno pepo lilitumika kuonyesha hali maalumu ya mwili, yaani mwili kushikwa ghafla na kutomtii mwenyewe.

Hapa ndipo fasiri ya Christie inapopotosha zaidi. "Pepo mbaya" ni istilahi ya dini iliyopachikwa juu ya istilahi ya uganga. Neno pepo lina uwanja mpana. Kuna pepo wa kupungwa, kuna pepo za kusi na kaskazi, na kuna Pepo ya waja wema. Mama wa leo asemaye kwamba mtoto amepatwa na pepopunda hakiri kwamba mwanawe amepandwa na shetani wa punda. Ataja maradhi, tena huenda akayataja akiwa ndani ya zahanati akingojea sindano. Hakuna sababu ya kuamini kwamba mtu wa Unguja wa mwaka 1870 alikuwa tofauti. Kila jina la Kiafrika lenye neno pepo likifasiriwa kwa shetani, msomaji wa mbali hujengewa picha ya watu walioogopa tu, na uchunguzi uliomo ndani ya jina humpita.

Sehemu ya tatu ni popo. Umbo aliloliandika Christie ni pepo, lakini umbo lililokita katika kamusi ni kidingapopo. Sauti za pepo na popo ziko karibu, na lugha ina tabia ya kulisogeza neno lisiloeleweka sawasawa kuelekea neno linalojulikana. Muda ulivyopita bila ya maradhi kurudi kwa nguvu, uhusiano wa jina na pepo ulififia, na popo, mnyama anayening'inia miguu juu kichwa chini, akapata nafasi. Badiliko hili lisihesabiwe kuwa ni kosa la mwandishi fulani tu. Ni ushahidi kwamba neno liliendelea kuishi baada ya maana ya sehemu zake kusahauliwa. Vivyo hivyo dinga: msemaji wa kawaida wa leo hasikii ndani yake maana ya kukazana kwa viungo, bali huitegemea fasiri ya Christie.

4. Tarehe zinazopingana

Hata kama sarufi ingeruhusu safari ya dinga hadi dengue, ziko tarehe ambazo haziruhusu. Katika Kihispania neno dengue lilikuwapo kabla ya karne ya 19, kwa maana ya maringo na madeko. Hili peke yake lingeweza kujibiwa kwamba ni mfanano wa bahati, na kwamba Wahispania walilivalisha neno la kigeni nguo ya neno lao. Lakini mwaka 1998 José Rigau-Pérez alionyesha kwamba malkia María Luisa wa Hispania, katika barua ya Juni 1801, aliutaja ugonjwa wake kwa jina hilo hilo la dengue. Mwaka 1801 ni miaka 22 kabla ya mkurupuko wa kwanza unaokumbukwa Unguja. Mtaalamu huyo alionyesha pia kwamba jina la Kihispania lenye maana ya kivunja mifupa lilikuwa likitumika Puerto Rico tangu mwaka 1771, kabla ya Benjamin Rush kuandika juu ya homa ya kuvunja mifupa ya Philadelphia ya mwaka 1780.

Kwa hiyo nadharia kwamba neno lilizaliwa Unguja mwaka 1823 na kuvuka bahari hadi Kuba kufikia mwaka 1828 haiwezi kukubaliwa kwa sura hiyo. Kinachobaki ni dai dogo zaidi. Biashara ya watumwa iliwachukua watu wa pwani ya Msumbiji hadi Kuba na Brazili katika miaka hiyo, na si muhali kwamba baadhi yao walilijua jina linalofanana na kidinga. Wakilisikia dengue huenda walilitambua kama lao, na matumizi ya watu hawa yakalitia nguvu neno ambalo Wahispania walikuwa nalo tayari. Dai hilo linawezekana. Hata hivyo, kuwezekana si kuthibitika, na kamusi isiyotofautisha mambo hayo mawili humdanganya msomaji wake.

Liko jambo moja katika mjadala huu ambalo halitegemei ukoo wa maneno. Dengue ya Kihispania ina maana ya maringo. Dandy ya Kiingereza ni mtanashati anayetembea kwa madaha. Watu wa lugha hizi mbili waliutazama mwendo wa mgonjwa ambaye viungo vyake havikunjiki, wakaona mzaha wa mtu mwenye kujivuna. Watu wa Unguja waliyatazama maungo hayo hayo wakaona kushikwa. Majina yaweza kufanana kwa sababu macho yalitazama kitu kimoja, bila ya neno moja kuzaa jingine.

5. Fasiri iliyohama

Sasa yafaa kulirudia neno kidingapopo kama linavyopatikana katika kamusi za lugha mbili. Hufasiriwa kwa neno moja tu: dengue. Fasiri hiyo ilikuwa sahihi ilipoandikwa kwanza, kwa sababu katika karne ya 19 jina dengue lilikuwa kama kapu. Madaktari walitia humo kila homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo na vipele. Kidinga pepo cha Unguja kiliingia katika kapu hilo bila ya shida.

Karne ya 20 ililipasua kapu. Mwaka 1943 na 1944 virusi vya dengue vilitambuliwa katika maabara, na kuanzia hapo jina hilo likafungwa kwenye virusi hivyo peke yake. Kisha, mwaka 1952 na 1953, mkurupuko mkubwa ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walioueleza katika makala yao ya mwaka 1955, waliona mfanano wake na dengue, lakini waliona pia kwamba viungo viliumia zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Virusi vilivyopatikana katika damu ya wagonjwa vilikuwa vya jamii nyingine kabisa. Maradhi hayo yakabaki na jina walilopewa watafiti na wenyeji: chikungunya.

Mwaka 1971 Donald Carey alizisoma upya taarifa za zamani akiwa na ujuzi huu mpya. Alionyesha kwamba sifa za kidinga pepo alizozieleza Christie, hasa maumivu ya viungo yanayobaki baada ya homa kuondoka, zinalingana na chikungunya kuliko dengue. Mwaka 2015 Scott Halstead aliyasema hayo hayo juu ya mkurupuko wa Karibi wa mwaka 1827 na 1828. Damu ya watu wa mwaka 1870 haiwezi kupimwa, na kwa hiyo hukumu hii ni ya dalili tu. Lakini ni dalili nyingi, nazo zaelekea upande mmoja.

Matokeo yake kwa leksikografia ni haya. Fasiri ya kamusi ni mizani yenye pande mbili. Upande wa kushoto, kidingapopo, haukusogea. Uliendelea kutaja maradhi yale yale waliyoyajua wazee wa Unguja. Upande wa kulia, dengue, ulihama na kwenda kutaja maradhi mengine. Kila kamusi mpya ilipoinakili fasiri ya kamusi iliyotangulia, kosa lilikuzwa bila ya mtu kukosea. Leo mwanafunzi anayefungua kamusi huambiwa kwamba kidingapopo ni dengue, ilhali inaelekea kwamba jina hili lilipotolewa lilitaja maradhi ambayo sasa yanaitwa chikungunya.

6. Jina la Wamakonde

Chikungunya ni neno la Kimakonde. Watafiti wa mwaka 1955 walilihusisha na kitenzi cha lugha hiyo, kungunyala, chenye maana ya kukauka au kujikunja, na jina likaeleza jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu ya maungo. Dai kwamba ni la Kiswahili limetokana na uzembe wa namna mbili. Kwanza, ni desturi ya waandishi wa mbali kudhani kwamba kila neno la Tanzania ni la Kiswahili. Pili, ni mfanano wa kiambishi chi- na ki-.

Yapasa kuwa waangalifu hapa, kwa maana baadhi ya wanaoukana Uswahili wa neno hili husema kwamba chi- haimo katika Kiswahili. Hilo si kweli. Chimwini cha Barawa na Chichifundi cha kusini mwa pwani ya Kenya hutumia chi- mahali ambapo Kiswahili sanifu hutumia ki-. Kwa hiyo kiambishi peke yake hakiamui shauri. Kinachoamua ni shina la neno na mahali lilipopokewa: shina ni la Kimakonde, na waliolitamka kwa watafiti ni Wamakonde, katika nchi yao. Waswahili husema, usisafirie nyota ya mwenzio. Lugha inayolalamika kwamba mchango wake haukutambuliwa isiwe ya kwanza kuuficha mchango wa jirani yake.

Jina la tatu la eneo hili linastahili kutajwa. Mwaka 1959 maradhi ya namna hiyo hiyo yalizuka kaskazini mwa Uganda, na Waacholi wakayaita o'nyong-nyong, jina ambalo hufasiriwa kuwa ni la kudhoofika au kuvunjika kwa viungo. Basi Unguja, Makonde na Acholi, watu wa lugha tatu, wawili Wabantu na mmoja si Mbantu, walipotaka kuyataja maradhi haya hawakutaja homa. Homa ni nyingi. Walitaja kile kinachoyatofautisha, yaani maungo. Vitabu vya uganga vya karne ya 19 vilivyochanganya homa hizi zote chini ya jina moja havikufanya hivyo kwa uangalifu zaidi kuliko wao.

7. Neno na mgonjwa

Suala hili si la kamusi tu. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulionyesha kwamba kiasi cha robo tatu za wakazi wa kisiwa walikuwa wameambukizwa. Kutoka huko maradhi yalifika Mombasa, yakavuka hadi Komoro na Réunion katika mwaka 2005 na 2006, yakiendelea kuelekea Bara Hindi kama yalivyofanya mwaka 1871. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 yalirudi Mombasa. Dengue nayo ilizuka Mombasa mwaka 2013, na Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Pwani sasa ina maradhi yote mawili, yanayoletwa na mbu wa jamii moja.

Kuyatofautisha kuna faida kwa mgonjwa. Dengue huweza kuleta kutokwa na damu na kifo, na dawa kama aspirini huzidisha hatari hiyo. Chikungunya huua kwa nadra, lakini huweza kumwacha mtu na maumivu ya viungo kwa miezi, pengine miaka. Mfasiri wa maelezo ya afya anayetafuta neno la Kiswahili na kulikuta kidingapopo katika kamusi atalitumia kwa dengue. Mzee anayelikumbuka neno hilo kama maradhi ya maungo atalisikia kwa maana nyingine. Wote wawili watakuwa wanasema Kiswahili fasaha, na hawatakuwa wameelewana.

8. Hitimisho

Kutokana na hayo, yapendekezwa kwamba kamusi zijazo zilipe neno kidingapopo maelezo yake badala ya fasiri ya neno moja. Maana ya kwanza iwe ya kihistoria: maradhi ya mkurupuko yenye homa ya ghafla na maumivu makali na ya muda mrefu ya viungo, yaliyopita Unguja kiasi cha mwaka 1823 na tena mwaka 1870. Maana ya pili, iliyotokana na kufasiriwa, iwe dengue, na itajwe hivyo. Umbo kidinga pepo lionyeshwe kando yake. Chikungunya iandikwe kuwa imekopwa kutoka Kimakonde. Kwa matumizi ya hospitali, majina dengue na chikungunya yabaki kama yalivyo kwa sasa, maana kila moja limefungwa kwenye virusi vyake, na kulifufua jina kongwe kwa ajili ya mojawapo kabla ya kuisahihisha kamusi kutazidisha mkanganyiko.

Ama kuhusu sifa ya Kiswahili, haitegemei kama neno lake lilifika Kuba au halikufika. Mwaka 1870 wazee wa Unguja walikutana mara ya pili na maradhi waliyoyaona ujanani mwao, wakayatambua, na wakayaita kwa jina lake. Madaktari, pamoja na vitabu vyao na maabara zao, walifikia kuyatenga maradhi ya maungo na dengue katika miaka ya 1950.